Picha Zisizo na Nyuso

Kilichomtia Zenebech shaka mwanzoni ni matope. Kutoka nyumbani kwao hadi studio ya mumewe ni lami, na pale lami inapokwisha kuna mawe yaliyopangwa vizuri. Mtu anaweza kwenda na kurudi masika yote na viatu vyake visiguse udongo. Lakini Tefera alikuwa akirudi na matope mekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alivifuta viatu barazani kwa gazeti kuukuu, taratibu, akidhani mkewe yuko jikoni. Zenebech hakuwa jikoni. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia.

"Umeshindaje, Baba Hirut?" alimwuliza alipoingia.

"Salama tu. Nilikuwa studio."

"Wateja?"

"Wawili watatu. Picha za vitambulisho." Akanawa mikono, akavuta sinia ya chakula. "Mchuzi wako leo umekaa vizuri sana, mama."

Hapo ndipo Zenebech alipozidi kushtuka. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi kwenye ubao wa simu wa mji wa Dessie akiunganisha waya za watu, na ingawa kanuni ilikataza kusikiliza, angeyaziba vipi masikio yake? Aliijua sauti ya mwanamume anayezungumza na mkewe, na aliijua sauti ya mwanamume anayemdanganya mkewe. Hii ya pili huwa na upole mwingi zaidi. Na Tefera, tangu mvua zianze, alikuwa mpole kupita kiasi.

Aliyemwaga petroli kwenye moto huo ni jirani yake, Toyba. Wanawake hao wawili walikuwa wakinywa kahawa pamoja kila alasiri kwa miaka kumi na tisa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Zenebech. Alikuwa amekwisha kumimina kikombe cha kwanza, na moshi wa ubani umeanza kutulia, Toyba aliposema, kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Jana nimekwenda kwa mumeo nipigwe picha ya kitambulisho. Nimekuta kufuli."

"Kufuli saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Kuna karatasi mlangoni: 'Narudi sasa hivi.' Nikakaa kumsubiri. Nikanunua shayiri ya kukaanga, nikatafuna ikaisha. Nikanunua nyingine. Hiyo sasa hivi yake, Zene, huwa inaanza lini?"

"Labda alikwenda kununua karatasi za kusafishia picha."

"Labda. Na leo je? Leo nimekuta kufuli lile lile na karatasi ile ile. Halafu nikamwona kwa macho yangu anapandisha kilima nyuma ya soko la Jumatatu, kamera begani, kofia mpya kichwani."

"Kofia si mpya. Hirut alimletea Pasaka."

"Haya, kofia ni ya zamani. Na mwenye kofia ni wa zamani. Kipya ni hicho anachokifuata."

"Toyba, ana miaka sitini na mitatu. Akipanda kilima kile lazima aombe maji njiani."

"Na wenye maji hawakosekani," alisema Toyba, akanyoosha kikombe aongezewe.

Zenebech alicheka kidogo. Alimimina kikombe cha pili, na cha tatu hakukiona kilivyokwisha.

Jambo moja lilikuwa kweli, wala hakuhitaji kuambiwa na mtu: kazi ya studio ilikuwa imedorora. Kwa miaka thelathini na mmoja, nusu ya watu wa Dessie walikuwa wamekalia stuli ile ya duara mbele ya kitambaa cha buluu, na Tefera amewaambia wote maneno yale yale: nyoosha shingo, funga mdomo, usipumue. Kisha mwaka uliopita, duka la picha za rangi likafunguliwa ng'ambo ya barabara, na mashine inayotoa picha wakati mteja bado anachana nywele. Waliobaki kwa Tefera ni wazee na watu wa vijijini. Sasa mtu asiye na wateja anatoka na kamera asubuhi yote kwenda wapi?

Jumapili hiyo Tefera alikwenda kwenye mkutano wa chama cha mazishi, mkutano ambao haukuwahi kwisha kabla ya saa nane. Zenebech alichukua ufunguo wa akiba, akajitanda shuka lake jeupe mpaka usoni kama anayekwenda kanisani, akashuka hadi studio.

Chumba cha giza cha kusafishia picha kilinuka siki, kama siku zote. Alipekua droo: mikasi, brashi, picha za vitambulisho ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Alipekua mifuko ya koti la kazi. Hakuna kitu. Akataka kuondoka, akaona boksi la karatasi za picha juu ya kabati, limegeuzwa kifuniko chini. Tefera hakuwa mtu wa kugeuza kitu. Zenebech akapanda juu ya stuli, akalishusha.

Lilikuwa limejaa picha. Mkono wa mwanamke unaomimina maji kutoka kwenye jagi, bangili imetelemka mpaka kwenye kifundo, na uzi wa maji umenyooka na kung'aa kama waya. Glasi mbili za chai kwenye benchi, moja tupu na moja imejaa. Gauni la mwanamke limeanikwa kwenye ua, jua limepenya kutoka nyuma mpaka viraka vyake vinaonekana kama madirisha. Mlango wa mbao wenye kufuli, na tone la mvua linaning'inia kwenye kufuli halijaanguka. Viatu vya mtoto kizingitini. Mvuke unaotoka chini ya kifuniko cha kikaango. Sikio la punda lenye umande.

Alizipitia zote, zaidi ya arobaini, akitafuta kitu kimoja. Hakukiona. Hapakuwa na uso hata mmoja.

Akakaa kwenye stuli ya wateja. Mwanamume aliyepiga nyuso kwa miaka thelathini na mmoja, nyuso tupu na si kingine, anapiga mkono na kuuacha uso nje. Anapiga gauni na kumwacha mwenye gauni. Mtu hufanya hivyo kwa sababu gani, kama si kuficha? Akachagua nne: mkono, chai, gauni, kufuli. Akazificha ndani ya shuka, akarudisha boksi kifuniko chini vile vile.

"Tuanze na chai," alisema Toyba, kesho yake, picha zimetandazwa kwenye zulia baina yao. Alikuwa amevaa miwani ya marehemu mumewe. "Glasi mbili. Aliyekunywa ni yeye, maana mumeo chai haimpoi mbele yake. Ambaye hakunywa ni nani? Ni mtu mwenye haya. Mtu anayekunjakunja ncha ya shuka na kuangalia chini."

"Au mtu ambaye chai ya hapo haikumpendeza."

"Zene, usimtetee kabla hajashtakiwa. Tazama gauni. Limeanikwa uani, si barabarani. Ina maana aliingia ndani. Na mkono huu ni wa mtu wa miaka thelathini na tano, arobaini. Una kazi, lakini haujachoka."

Zenebech aliutazama mkono wake mwenyewe, akaurudisha chini ya shuka.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Mimi?" alisema Toyba, na kwa kweli hakukusudia kumwambia mtu.

Siku tatu zilizofuata Zenebech alizunguka Dessie kama mpelelezi. Mji alioujua kwa namba za simu sasa aliutafuta kwa vipande: kona ya benchi, rangi ya mlango, mpangilio wa mawe ya ukuta. Alisimama kwenye nyua za watu akijifanya anatafuta kuku aliyepotea. Alitazama kamba za nguo, alitazama vizingiti, alitazama mikono ya kila mwanamke aliyechota maji. Hakuwahi kuutazama mji wake namna hiyo, na kila alichokitazama kilimtia wasiwasi, maana kila kitu kingeweza kuwa ndicho.

Benchi la chai alilipata siku ya pili, karibu na kituo cha mabasi, kwenye kibanda cha mabati cha mtu anayeitwa Yimer. Alilitambua kwa mwanya wa ubao wa katikati. Akakaa, akaagiza chai.

"Kuna mzee mwenye kamera huja hapa?" aliuliza, akikoroga sukari ambayo ilikwisha yeyuka zamani.

"Gashe, yule mzee wa kofia? Huja. Si mbaya, ila ana mambo yake. Huagiza mbili."

"Na ya pili ya nani?"

"Ya benchi," alisema Yimer, akacheka. "Kweli ninakuambia, Etiye, mama yangu. Anakunywa moja, ya pili anaiweka pale ulipokaa, halafu anasubiri. Nikamwuliza, Gashe, unamsubiri nani? Akasema anasubiri saa tatu na nusu."

Zenebech hakumwamini. Maelezo yalikuwa mepesi mno, na wanaume hufichiana. Aliamua kukaa mpaka hiyo saa tatu na nusu amwone huyo mtu anayekuja. Glasi yake ilikuwa bado imejaa. Watu walipita na mizigo, kondakta alipiga kelele za kuita abiria wa Kombolcha, ukungu ulianza kuinuka kutoka mlima Tossa. Kisha, kwenye nafasi kati ya bati na bati, jua likaingia. Likapita katikati ya glasi yake, na juu ya ubao mchakavu wa benchi likamwaga doa jekundu linalotetemeka, kubwa kama kiganja, na ndani yake duara nyingine ndogo ya dhahabu.

Halikudumu. Labda muda wa kuhesabu mpaka mia moja. Zenebech hakuthubutu kuigusa glasi. Lilipopotea alijikuta ameinama, pua karibu igonge ubao, na Yimer anamwangalia.

"Na wewe pia?" alisema Yimer.

Zenebech akainuka, akaondoka kwa hasira. Alijikasirikia mwenyewe, kwa kusahau kilichomleta.

Siku ya tatu, nyuma ya soko la Jumatatu, kwenye njia ya matope mekundu, alilikuta gauni. Lilikuwa kwenye kamba vile vile, viraka vile vile, ndani ya ua wenye mlango wa buluu. Na chini ya kamba, mbele ya beseni la bati, mwanamke alikuwa akisuuza mashuka. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye shingo nzuri. Kwenye mkono wa kulia alikuwa na bangili.

Zenebech akasogea mlangoni.

"Hodi. Nasikia hapa wanafua nguo za watu."

"Karibu, Etiye. Tunafua." Mwanamke alijifuta mikono. "Una nguo nyingi?"

"Si nyingi. Za mume." Akalitamka neno hilo polepole. "Ana matope sana siku hizi."

Mwanamke yule akamtazama. Akamtazama tena, na safari hii uso wake ukabadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa akimsubiri mgeni huyu kwa muda mrefu, ili amgombeze.

"Wewe ni mkewe Gashe Tefera."

"Nani amekuambia?"

"Tangu umeingia hujaniangalia mimi, unaangalia kamba yangu. Hapa ni yeye tu anayeangalia kamba." Akaweka mikono kiunoni. "Vizuri umekuja, nilitaka kukuuliza. Mumeo ana nini?"

Zenebech alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, lakini si hayo.

"Ana nini vipi?"

"Mara nne! Mara nne amekuja kupiga picha ya gauni langu la kazini. Mara ya kwanza nilidhani mwizi, anapima ukuta. Mara ya pili nilidhani ametumwa na mwenye nyumba. Mara ya tatu akaniomba nimimine maji, tu, nimimine maji, nikasema huyu ni mtu wa uchawi, anataka kuchukua baraka ya mkono wangu. Nikamwambia, Gashe, uso wangu huupati. Nina watoto mimi. Picha ya uso wangu ikae kwa mtu nisiyemjua, ifanyiwe nini?"

"Akasemaje?"

"Akasema uso hauhitaji. Anasema nyuso amezipiga maisha yake yote na zote zilikuwa zinamwangalia yeye. Sasa anataka kitu ambacho kina shughuli zake." Mwanamke alitikisa kichwa. "Wewe umeelewa? Mimi sikuelewa. Nikamimina maji aondoke zake. Na si mimi peke yangu. Kilima hiki chote hakuna mtu aliyekubali kumpa uso. Tunamwogopa, Etiye. Ni mtu mpole mno."

Zenebech aliketi juu ya jiwe la kufulia bila kukaribishwa. Mwanamke, ambaye jina lake lilikuwa Askale, alimletea maji kwenye bakuli, na alipoyamimina kutoka kwenye jagi bangili ikatelemka, na uzi wa maji ukanyooka na kung'aa. Zenebech aliutazama kama anayetazama mtu anayemjua.

Njiani kurudi alijiuliza kama amedanganywa. Askale alisema vizuri mno. Mwanamke mwerevu, akimwona mke mlangoni, si ndivyo atakavyofanya, akasirike yeye kwanza? Aligeuza maneno yake huku na huku kama alivyokuwa akigeuza sauti za kwenye waya, akitafuta ule upole wa ziada. Hakuupata. Lakini hata kutokuupata kulimtia shaka.

Alikuwa bado katika hali hiyo, siku iliyofuata, Toyba alipoingia mbio bila kubisha, shuka linaburura.

"Zene, wamemchukua. Wako naye ofisi ya mtaa. Endris na walinzi wake."

"Wamemchukua nani?"

"Tefera! Wanasema anapiga picha nyumba za watu kwa ajili ya wezi. Nyumba tatu zimevunjwa mwezi huu, kule kule nyuma ya soko." Toyba alikuwa analia. "Nilimwambia dada yangu tu. Dada yangu ndiye mama yake Endris, na wewe unamjua dada yangu. Nilimwambia mambo ya mapenzi, Zene, wallahi, sikutaja wizi. Lakini yale ya kufuli... nilitaja ile picha ya kufuli."

Zenebech akakimbilia chumbani. Aliinua godoro, akatoa zile picha nne, akajitanda shuka, akatoka.

Ofisi ya mtaa ilikuwa chumba kimoja chenye meza na benchi. Tefera alikuwa kwenye benchi, kofia magotini. Kamera ilikuwa juu ya meza mbele ya Endris, kiongozi wa walinzi wa mtaa, ambaye Tefera alimpiga picha yake ya kwanza alipokuwa mtoto wa meno mawili. Walinzi wawili wazee walisimama karibu na dirisha. Zenebech alimwona mumewe akiinua macho, na kilichokuwa machoni pake kilikuwa hofu, lakini hakikuwa hofu ya Endris.

"Etiye Zenebech, karibu," alisema Endris, akainuka kidogo kwa heshima. "Sisi hatutaki kumwonea Gashe. Tumemwuliza, unapiga nini kwenye nyua za watu? Anasema, mwanga. Mwanga! Mimi nitaandika hivyo kwenye daftari? Nimesema tufungue kamera tuone. Anasema tukifungua, picha zitaungua zote."

"Zitaungua," alisema Tefera kwa sauti ndogo.

"Basi mtu anayeogopa kamera ifunguliwe, Etiye, nimweleweje? Watu wamemwona. Milango, kuta, makufuli. Mwizi anahitaji nini kingine?"

Zenebech alijua kwamba angeweza kusema hajui. Ingekuwa kweli, kiasi. Alikuja na shaka zake mwenyewe, na za Endris hazikuwa za kijinga kuliko zake. Lakini Endris aliweka kidole juu ya kamera ile, na Tefera akashtuka kama aliyeguswa jichoni, na kitu ndani ya Zenebech kikakata shauri.

Akatoa picha nne, akazipanga mezani moja moja, kwa kishindo kidogo.

"Hizi ndizo alizopiga. Tazama."

Tefera alizitambua, akamgeukia mkewe.

"Hii ni benchi ya Yimer, kituo cha mabasi," alisema Zenebech. "Jua linaingia hapo saa tatu na nusu, kati ya bati la pili na la tatu. Likishapita, basi mpaka kesho. Hii glasi iliyojaa si ya mtu, ni ya kushikia jua. Mtu akiinywa hakuna picha. Nimekaa hapo mwenyewe nikaona. Hili ni gauni la mwanamke anayefua nguo za watu. Lina viraka saba, na kila kiraka ameshona kwa uzi wa rangi ya kitambaa chake, si uzi mmoja kwa vyote. Ulikuwa unalijua hilo? Na mimi sikulijua. Huu ni mkono wake. Ameukataza uso, naye ana haki, kwa hiyo kapigwa picha ya mkono."

"Na hii?" Endris aligusa ile ya nne. "Hii ni kufuli."

"Kufuli, ndiyo. Na hapo chini kuna nini?"

Endris akainama. "Tone la maji."

"Lina nini ndani?"

Akaisogeza karibu na dirisha. Walinzi wawili nao wakasogea. Ndani ya lile tone, likiwa limepinduliwa, dogo kuliko punje ya mtama, palionekana paa la nyumba ya ng'ambo, mti wa mkaratusi na anga.

"Mwizi hapigi picha ya kufuli, mwanangu," alisema Zenebech. "Mwizi anapiga kufuli lenyewe, kwa nyundo."

Mlinzi mmoja alicheka. Yule wa pili alikuwa bado ameishika ile ya benchi, ameinyoosha mbali na macho yake.

"Unasema hii ni ya Yimer?" aliuliza. "Yimer hana benchi nzuri hivi. Mimi hukaa pale kila siku."

Endris alikwaruza kichwa. Alikuwa bado hajaridhika, na Zenebech alimwelewa. Mwishowe alirudisha kamera bila kuifungua, kwa sharti kwamba Gashe asiingie ua wa mtu bila mwenyewe kuwepo, na makufuli ayaache kabisa. Aliandika kitu kwenye daftari. Hakuwaonyesha alichoandika.

Walitoka pamoja, wakashika njia ya kanisani.

"Kwa hiyo ulikuwa unanifuata," alisema Tefera.

"Nilikuwa nakufuata."

"Ulifungua boksi."

"Nilifungua boksi, nilisimama nyuma ya pazia, nilikaa kwa Yimer, nilimwendea Askale. Ningekuwa na mtu wa kumtuma barabara zote, ningemtuma. Wewe uliniambia uko studio."

"Ningekuambia nini?" Alisimama. "Wiki ya kwanza nilikuletea picha ya maganda ya mbaazi kwenye ungo. Ulikuwa na wageni wa kahawa. Ukaishika juu ukasema, jamani, mume wangu sasa anapiga takataka picha. Wakacheka wote."

Zenebech alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kicheko, hakukumbuka picha. Hilo lilimuuma kuliko lingine lolote la wiki hiyo.

"Lakini kwa nini, Baba Hirut? Kwa nini ulianza?"

Tefera alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Kabla ya mvua alikuja mzee mmoja kutoka vijiji vya juu. Mkewe amefariki. Picha pekee aliyo nayo ni ya kitambulisho, niliipiga mimi. Akataka niikuze. Nikaikuza, nikaisafisha vizuri, nikampa. Akaitazama sana. Akasema, bwana, kazi yako safi, lakini huyu si mke wangu. Huyu ni mtu aliyeambiwa asipumue." Akaigeuza kofia mikononi. "Akaniuliza, huna picha ya mkono wake akikoroga uji? Huna ya viatu vyake mlangoni? Akauliza kama vile ningeweza kuwa nazo. Kwamba mimi nina kamera, nakaa mji huu siku zote, basi lazima nilikuwa naangalia. Nikamwambia sina. Mama Hirut, miaka thelathini na mmoja, sina hata moja."

Zenebech akamwambia avae kofia, kuna baridi.

Mambo hayakunyooka siku moja. Toyba hakukanyaga kwao wiki mbili kwa aibu, na aliporudi alirudi na kilo ya kahawa na midomo iliyofungwa, ingawa haikufungwa muda mrefu. Zenebech alianza kufuatana na mumewe siku za Jumanne na Alhamisi. Alimwambia Toyba anakwenda kumchunga, na hakuwa anatania kabisa. Lakini ilionekana kwamba mlango ambao Tefera alifungiwa, Zenebech alifunguliwa. Na lile jicho lake la kushuku, lililokuwa limezoea kuuliza nani amepita hapa, nani ameketi, kwa nini kitu hiki kiko hapa na si pale, liliona mambo ambayo Tefera alikuwa akiyapita. Ni yeye aliyeona unga uliobaki kwenye nyusi za mwanamke wa mashine ya kusaga. Ni yeye aliyesema tusipige ngazi, tupige ukuta wa ngazi, pale mikono ya watu ilipoung'arisha.

Askale hajakubali kupigwa picha ya uso mpaka leo. Walimpelekea picha ya mkono wake. Aliigeuza akatazama nyuma, kama kuna kilichoandikwa, kisha akaingia nayo ndani bila kusema asante. Walisikia akigonga msumari ukutani.

Mwezi wa mwisho wa mvua walikuwa mtaa wa juu, ambako hawakujulikana. Katika ua mmoja mwanamke mzee alikuwa akianika pilipili nyekundu juu ya mkeka, na jua lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza baada ya siku tano. Aliwaona, akashika ukingo wa lango.

"Mnataka nini?"

"Tunaomba kutazama tu, mama," alisema Zenebech.

"Kutazama nini? Mmetumwa na nani?"

Tefera alikuwa amekwisha kuinua kamera. Zenebech aliishusha kwa mkono wake. Akavuta shuka nyuma ili uso wake uonekane wote, akasimama pale pale njiani, na mama yule akasimama upande wake wa lango, wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na haraka. Nyuma ya mama yule pilipili zilikuwa zikiwaka juani.

"Hata mimi ningeuliza," alisema Zenebech.

Mama yule hakucheka. Aliwatazama viatu, akaitazama kamera, akawatazama tena. Kisha akaliacha lango wazi, akarudi kwenye mkeka wake, akaendelea kuzigeuza pilipili moja moja, huku akiwatupia jicho la pembeni kila mara kuona watafanya nini.